Hojaji ya Maswali Arobaini

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule ya wasichana ya kutwa karibu na mji mdogo wa Tulia, Mwalimu Mkuu alinikabidhi ufunguo wa stoo ya maharagwe. Hiyo ndiyo iliyokuwa ofisi ya ushauri na uelekezaji.

"Watoto wa hapa hawajui wanataka nini," aliniambia. "Wapime, halafu uwaambie."

Tulipima kwa hojaji, yaani karatasi ya maswali ambayo majibu yake hupewa alama ili mapendeleo ya mwanafunzi yaonekane. Ile niliyoikuta iliuliza kama wanapenda kuogelea na kupanda milima ya theluji. Wasichana waliofukua mchanga wa mto mkavu kutafuta maji walijibu "napenda sana" kuanzia juu hadi chini. Kumwandikia mwalimu "sipendi" kungekuwa kumkosea heshima.

Mkaguzi mmoja wa elimu akanishauri vingine. Mtoto, alisema, anaweza kukuficha moyo wake, lakini mikono yake haifichiki. Nikatunga hojaji yangu mwenyewe. Maswali yalikuwa arobaini, na kila moja lilianza hivi: wiki iliyopita, ulifanya kazi hii mara ngapi? Alama zilipolundikana upande mmoja, niliandika kwamba hilo ndilo pendeleo.

Mwende wa kidato cha nne alipata alama za juu kuliko wote katika kutunza wagonjwa. Susu wake, nyanya mzaa mama, alikuwa hajainuka kitandani kwa miaka miwili, na Mwende ndiye aliyemwosha kabla ya kuja shuleni. Nilijua. Mpaka leo ningependa kusema sikujua.

Mwalimu Mkuu alitania kwamba huyo ni nesi tayari, amebakiza sare tu. Nikaandika uuguzi. Mwende alisoma karatasi akiwa amesimama mlangoni, kisha akaniuliza polepole kama hilo ni jibu lake. Nikamwambia ni lake mwenyewe, mimi nimejumlisha tu.

"Sawa, Mwalimu," akasema.

Baadaye nilihamishiwa shule moja ya mji wa Wote, nikawa mkuu wa idara. Naibu mwalimu mkuu wa huko aliisifu hojaji yangu, akaigawa kwa shule jirani. Nilistaafu nikiwa nimepigiwa makofi. Walimu vijana bado huniomba nakala. Nikiwakatalia, wanaipata kwingine, na jina langu liko chini ya ukurasa.

Mwaka huu mume wangu alipigwa na kiharusi. Nesi aliyekuja kumhudumia wodini alikuwa Mwende. Alimwosha bila haraka, bila kumuumiza, na uso wake haukuwa na chochote ndani yake. Nilimuuliza kazi inaendaje. Akasema inaendelea.

"Karatasi yako iliuliza nimemgeuza susu mara ngapi," akaongeza, bila hasira. "Ningeandika sifuri, Mwalimu? Na alikuwa akiningoja nyumbani?"

Ndipo nilipomuuliza swali ambalo sikuwahi kumwandikia mwanafunzi yeyote katika miaka yangu yote ya kazi. Nilimuuliza yeye alitaka nini.

Alikikamua kitambaa, akakikunja, akakikunjua tena. Nikaona anatafuta kwa dhati, kama alivyokuwa akitafuta majibu darasani.

"Nilikuwa na kitu," akasema. "Sikikumbuki tena. Hebu mshike hapo begani, Mwalimu, nimgeuze."

Nikamshika.