Fomu za Mafundi wa Buyenzi

Katika miaka ile ya vita, karatasi yenye majina ya watu ilikuwa kitu cha kuogopwa Bujumbura. Watu waliuawa kwa sababu waliandikwa mahali fulani. Hata mtoto wa shule alijua hilo. Profesa wa Ulaya aliyegharimia utafiti wangu hakulijua, na nilipomweleza hakutaka kulijua.

Nilikuwa mhadhiri msaidizi. Utafiti ulihusu mafundi wa magari wa mtaa wa Buyenzi: namna Wahutu, Watutsi na wale waliosema wao ni Waswahili tu walivyoendelea kufanya kazi pamoja, huku mitaa ya jirani ikifukuzana. Asubuhi nilitoka kwetu Ngagara na daftari, nikaketi juu ya tairi, nikaandika. Mmoja aliniambia aliwaficha watu ndani ya gari bovu chini ya turubai. Waliowawinda walifika, wakamwomba awatengenezee breki, palepale kando ya turubai.

Kabla ya yote, fundi mkubwa wa garaji alinihoji mimi.

"We mwalimu, haya maneno yanaenda wapi?"

"Kwenye jarida, mzee. Ulaya."

"Na majina yetu?"

"Sitaandika jina hata moja."

"Basi tusome Fatiha."

Mimi ni Mkatoliki, lakini niliinua viganja pamoja nao. Pale garajini, neno lililosomewa Fatiha limefungwa. Atakayelivunja atamjibu Mungu. Tulifanya hivyo kwa kila fundi. Katika daftari nilimwita kila mmoja kwa chombo chake: Spana, Jeki, Koleo.

Nilichapa mahojiano yote nikamtumia profesa. Jibu lilikuja na bunda la fomu: kila fundi aandike jina, anwani na sahihi. Bila hizo ridhaa yao haihesabiki, nami sitakuwa miongoni mwa waandishi wa makala. Ingekuwa makala yangu ya kwanza, na bila makala nisingepata nafasi ya kusomea shahada ya udaktari. Nikaeleza habari ya Fatiha kwa kurasa tatu. Alinijibu kwa mistari miwili: desturi za wenyeji haziwezi kushika nafasi ya utaratibu.

Utaratibu! Alikuja mara moja tu, akalala siku mbili katika hoteli ya Rohero, mtaa wa wenye nacho, na Buyenzi hakufika kwa sababu ubalozi wake ulimkataza. Usalama wake ulikuwa na utaratibu. Wa mafundi ulikuwa na nini?

Nilizirudisha fomu zikiwa tupu.

Mwaka uliofuata, rafiki aliyekuwa akisoma Ubelgiji aliniletea jarida. Spana, Jeki na Koleo walikuwamo, neno kwa neno. Mwandishi alikuwa mmoja, profesa. Chini ya ukurasa wa kwanza iliandikwa kwamba washiriki wote walitoa ridhaa kwa maandishi. Nilisoma sentensi ile mara mbili, nimesimama. Mimi niliyesema kweli nimefutwa. Uongo wake umepigwa chapa.

Nilipeleka jarida garajini. Fundi mkubwa alifuta mikono kwa tambara.

"Jina langu limo?"

"Halimo, mzee."

"Lako je?"

"Nalo halimo."

"Apana! We uliyeandika yote?" Akawageukia wenzake. "Jamani, huyu hana jina. Tumupe letu: Turubai, maana ametufunika sote."

Wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, nilikuwa bado na hasira. Lakini mpaka leo nikipita Buyenzi huitwa hivyo, na kwa kazi ile yote sikupata jina jingine.