Kinundu Nilichokikata

Asubuhi ile naikumbuka, mwanangu, utadhani kisigino bado kinaniuma! Nilishuka kitandani kule mtaa wa Huruma, nikakanyaga sakafu, nikapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Baada ya hatua kumi maumivu yakapoa, nami nikajidanganya kwamba nimepona. Kumbe mdharau mwiba mguu huota tende.

Nilikuwa mchuuzi wa viatu vya mitumba. Nilivitoa soko la Gikomba nikavitembeza kwa mguu hadi Kiamaiko. Bila miguu sina kazi, na bila kazi ningerudi kwetu mikono mitupu. Niliogopa, sikufichi.

Kilipozidi kuuma nikamwendea Mzee Mutua, fundi wa viatu pale Majengo. Kisigino hakukigusa. Alinimwagia maji miguuni, akasema, "Wee msichana, kanyaga hapo kwa simiti." Alama ikatokea pana kama chapati, haina pengo hata kidogo upande wa ndani!

"Hapa kati palipaswa kuinuka," akasema. "Chini ya unyayo kuna kano nene, inatoka kisigino mpaka vidole. Upinde ukilala, kano inavutwa, kisigino ndicho kinalia. Lete hivyo viatu ulivyovua."

Akaingiza mkono ndani. "Na kinundu cha hapa, cha kuinua upinde, kimeenda wapi?"

"Nilikikata na kisu, Mzee. Nilidhani ni kasoro."

Lo! Alicheka mpaka sindano ikamponyoka. Kisha akanitazama. "Na vya wateja?"

Mwanangu, nilikuwa nimevikata vyote, tena nikijisifu kwamba navirekebisha!

Alinitengenezea vinundu vya ngozi, akanifundisha kuvuta vidole vya miguu kila asubuhi kabla sijashuka kitandani. Taratibu nikaanza kukanyaga bila kulia. Furaha niliyokuwa nayo! Ndipo nikazunguka kwa wateja wangu na mfuko wa vinundu alivyonitengenezea Mzee, nikiomba msamaha. Mama mmoja muuza mboga alivaa viatu vyake vikiwa na vinundu, akatembea hadi kona, akarudi mbio akanikumbatia huku analia. Wiki ile alikuwa anataka kufunga kibanda chake kwa sababu ya kisigino.

Basi sikia. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Usikate kitu kwa sababu tu hujui kazi yake, uliza kwanza. Na kisigino kikikuamsha kwa uchungu, usijikaze kama mimi, nenda ukatazamwe mapema. Mungu auinue unyayo wako, mwanangu, na hatua yako ya kwanza kila asubuhi isikutoe chozi, wala isimtoe mwingine kwa sababu yako.