Mnaouliza hoteli ya kumpeleka mzazi akija Uingereza: nilimpeleka Baba Worcester, someni kwanza

Wakuu, habari za huko mliko.

Wiki hii kuna jamaa kafungua uzi anauliza hoteli nzuri ya kumpeleka mama yake akija UK. Anataka mji wenye historia, usio na kelele. Mmemjibu vizuri, links kibao, nyota ngapi, picha za vitanda. Nilianza kumwandikia comment, ikarefuka, nikaona bora nifungue uzi wangu.

Majina nimebadilisha. Mengine yote ni kama yalivyotokea, pamoja na yale ambayo yananivua nguo mwenyewe.

Mimi ni care worker hapa Birmingham, huu mwaka wa tatu. Nakaa Hodge Hill, nyumba moja watu wanne, kila mtu na chumba chake, jiko na choo vya wote. Kazi yangu ni kuosha wazee, kuwalisha, kuwageuza kitandani, kuwapa dawa kwa saa. Nasema hivi ili muelewe kwamba habari ya starehe ya mtu mzima mimi naijua. Au nilijua naijua.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu, yuko Masasi. Kanisani ndiye anayefundisha kwaya tangu kabla sijazaliwa. Mama alishatangulia. Baba alipopata visa ya kuja kunitembelea wiki tatu, nikamuuliza kwenye simu, Baba unataka kuona nini huku? Nikajua atasema uwanja wa mpira au theluji.

Akasema, "Kama itawezekana, nisikie kwaya ya kanisa kuu la zamani ikiimba Sala ya Jioni. Isipowezekana, si neno."

Hakuomba simu wala koti. Aliomba hilo moja tu.

Basi nikaingia kazini. Nikachagua Worcester, siyo mbali na Birmingham kwa treni, kanisa kuu lipo tangu enzi na enzi. Nikakesha kwenye reviews kama mtu anayetafuta mchumba. Kuna hoteli ukiona neno "historic" jua hakuna lifti, ngazi zimepinda na mlango utakupiga kichwa. Hizo nikapita.

Hatimaye nikapata moja. Nikapiga simu mapokezi mara tatu. Kitanda kina urefu gani kutoka sakafuni, maana Baba ana goti bovu? Bafu lina kizingiti? Chumba kiko upande wa barabara? Mto wa ziada upo? Mara ya tatu yule dada wa mapokezi alinitambua kwa sauti kabla sijajitambulisha. Alinipa chumba cha vitanda viwili, dirisha linatazama kanisa. Ijumaa hadi Jumapili, mimi na Baba.

Rafiki yangu mmoja alicheka, akasema hiyo siyo booking, hiyo ni care plan, ule mpango wa huduma tunaomwandikia mteja kazini. Nikaona kanisifia.

Baba akaja. Wiki ya kwanza yote nilikuwa kazini, Baba anashinda jikoni na Fiston, Mkongo wa Bukavu ninayekaa naye. Fiston anafanya kazi za usiku, kwa hiyo mchana yupo. Walipatana sana. Wanapika, wanabishana nyimbo za kanisani, huyu kwa Kiswahili cha Masasi, yule cha Bukavu.

Jumatano ya wiki ya safari, meneja wangu akapiga simu. "Baraka, I've got nobody for the weekend."

Off nilikuwa nimeomba, akakubali kwa mdomo. Akaniambia hayo yalikuwa kabla watu wawili hawajaugua. Nikasema sawa. Mlio kwenye visa ya kazi, inayoshikiliwa na mwajiri, mnajua kwa nini nilisema sawa.

Lakini niliahidi ukweli. Kuna Mkenya tunafanya naye kazi, alipigiwa simu hiyohiyo kabla yangu, akasema hapana, ana kanisa. Hakufanywa kitu. Yupo kazini mpaka leo.

Sasa ikawa hivi: Jumamosi naingia asubuhi natoka saa tisa mchana, Jumapili naanza saa nane mchana. Hoteli wakasema tarehe hazibadiliki. Nikapiga mahesabu ya masaa nikaona inawezekana. Nampeleka Baba Ijumaa, narudi Birmingham kulala, Jumamosi nikitoka kazini nadaka treni, saa kumi na moja na nusu tuko kwaya, nalala naye, Jumapili tunarudi.

Fiston alikuwa anakoroga ugali nilipomweleza. Akaniangalia vibaya.

"Mukubwa, muzee hawezi bakia yeye peke yake kule. Umuache hapa kwetu. Mutaenda siku ingine."

Nikamwambia hoteli ile ina kila kitu.

"Kila kitu ni nini? Nani atakula naye?"

Nikamwona mshamba. Nasema kama nilivyohisi. Nilimwona mtu asiyejua hoteli.

Ijumaa tukaenda. Njiani nilipita Sparkhill nikachukua wali na kuku wa Baba wa jioni. Chumba kilikuwa kizuri kuliko picha. Nikamwonyesha kadi ya mlango, birika la umeme, bomba la moto na la baridi. Nikamwambia chai ya asubuhi imo humohumo kwenye booking, ipo chini, saa mbili hadi saa nne. Halafu kwa mazoea ya kazi yangu, ambako kila kitu ni risk, nikamwambia, "Baba, usitoketoke peke yako, mlango unajifunga, utapotea."

"Sawa, mwanangu."

Nikampiga picha amekaa kitandani, nyuma yake dirisha na mnara wa kanisa. Nikarusha kwenye group la familia. Mioyo ikamiminika. Shangazi akaandika kwamba sasa Baba anakula matunda ya jasho lake la ualimu. Nilisoma zile message njia nzima kwenye treni, nacheka peke yangu.

Jumamosi asubuhi nikapiga nikiwa natoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine. Umelalaje? Kitanda kizuri sana. Umepata chai?

"Hapa wana utaratibu wao mzuri, mwanangu. Wewe fanya kazi."

Nikasikia nilichotaka kusikia.

Saa tisa mchana, aliyetakiwa kunipokea zamu hakutokea. Mteja wangu hawezi kuachwa peke yake hata kidogo, niiteni jina lolote lakini huyo siwezi kumwacha. Nikapiga ofisini, wakasema vumilia. Saa kumi. Saa kumi na moja. Nikampigia Baba.

"Baba, nimekwama. Nenda tu mwenyewe, ni hapo ng'ambo ya barabara, unaliona dirishani."

Akajibu, "Sawa. Usijali."

Nilitolewa saa moja jioni. Treni zilikuwepo, wakuu. Ningeweza kwenda. Nilienda nyumbani nikaoga nikalala, najiambia mzee yupo pazuri kuliko mimi, na kwaya ameshasikia.

Jumapili saa tano kasoro nikagonga mlango. Baba akafungua amevaa suti na tai, viatu vinang'aa. Begi limefungwa liko miguuni pa kitanda. Kitanda chake amekitandika mwenyewe, changu hakikuguswa.

Nikaona sahani ndogo pembeni ya birika. Juu yake vile vikaratasi vya biskuti za bure, vimekunjwa vizuri kimoja juu ya kingine. Vikopo vya maziwa vyote vitupu, sukari imekwisha. Kile kibao cha kuzuia wahudumu wasiingie kilikuwa kimening'inia nje ya mlango. Wali wa Ijumaa, chombo kimeoshwa.

"Baba, umekula nini tangu jana?"

"Nimekunywa chai."

"Chini hukwenda?"

Akaniangalia kama ninamuuliza kitu ambacho mwanawe angepaswa kukijua.

"Hakuja mtu kuniita."

Wakuu, msikimbilie kusema lugha. Kiingereza cha Baba kinapita changu na chenu wengi humu. Mhudumu aligonga Jumamosi, Baba akamjibu kwa sentensi iliyonyooka kwamba anashukuru, hahitaji kitu, na yule ndiye aliyemwekea kile kibao.

Shida ni kwamba Baba ni mgeni aliyefundwa. Kwetu mgeni hupangiwa pa kulala, akaamka, akanawa, akavaa, akakaa anasubiri kuitwa mezani. Hajipeleki kwenye chakula cha watu. Ninyi wote mmelelewa hivyo, mtu anakuja mlangoni anasema karibu chai. Mimi nimelelewa hivyo na yeye huyohuyo. Jumamosi alivaa suti saa kumi na mbili asubuhi akakaa kwenye kiti. Alisikia watu wanashuka ngazi, akasikia vijiko. Jumapili akavaa tena, akakaa tena.

"Nilifikiri labda wewe ukija ndiyo watatuita wote," akasema.

Nikamuuliza kwaya.

"Ulisema nisitoke, mlango unajifunga. Halafu ukasema nitoke. Nikaona nikikosea nitakutia matatani na watu hawa. Nilifungua dirisha. Nilisikia kengele."

Nilikaa kwenye kile kitanda changu. Nimewahi kukemewa kazini kwa sababu mteja hakumaliza supu. Kuna fomu tunaandika, kala nini, kanywa kiasi gani, saa ngapi. Baba yangu mzazi kashinda na biskuti nne kwenye chumba nilichokichagua kwa kuuliza urefu wa kitanda, na hakuna fomu yoyote duniani iliyoandikwa.

Nilimpeleka kula. Alikula taratibu, kwa heshima, kama mtu asiye na njaa. Hiyo iliniuma kuliko angekula kwa pupa.

Tukaingia kanisani. Ibada ya asubuhi imekwisha, mama mmoja wa Kizungu anakusanya vitabu. Baba akaenda mpaka kwenye viti vya kwaya, akagusa mbao, akauliza wanasimama hapa? Yule mama akamjibu kwa furaha kabisa, "They'll be back at four. Do come back at four!"

Baba akanigeukia. Mimi nikaangalia saa. Kwaya ni saa kumi jioni, na saa nane nilitakiwa niwe Edgbaston, Birmingham, kwa mzee wa mtu mwingine.

"Si neno," Baba akasema. Tukaenda kudaka treni.

Mtaniuliza kwa nini sikumpeleka wiki ya tatu? Rota ya zamu ilitoka siku iliyofuata na weekend zote nilikuwemo. Jumapili ile jioni Fiston alimkuta Baba anachemsha viazi, akaelewa bila kuambiwa. Hakunisema. Alimwekea Baba chakula, akamwita mezani kwa jina la mwalimu, wakala. Mimi nilikula kazini, nimesimama.

Baba alisharudi nyumbani, miezi minne sasa. Nilichojifunza nakiandika bila kuzunguka: wakija wazazi wenu, msinitafute kuuliza hoteli gani. Hoteli yoyote yenye kitanda inatosha. Uliza ofisini kwako kwanza kama utakuwepo, na wakisema hapana, mlaze mzee sakafuni kwako, chumbani kwako, ale na wewe. Na yule meneja simlaumu peke yake. Mkenya alisema hapana.

Ningeishia hapo, ila kuna jambo la juzijuzi ndilo lililonifanya niandike.

Dada yangu Agnes, yeye anaimba soprano kwenye kwaya ya Baba, kanitumia voice note. Anasema Baba Jumapili alisimama mbele ya kwaya nzima akawasimulia Worcester. Akawaambia jinsi wale Wazungu wanavyoimba bila kukimbiza noti, wanavyopumua pamoja, sauti inavyopanda kwenye mawe ikachelewa kushuka. Baba huyu ambaye alinichapa nikiwa darasa la tatu kwa uongo wa daftari moja.

Na alimalizia hivi: "Na mwanangu alikuwa amekaa pembeni yangu, mwanzo mpaka mwisho."

Sasa kwaya wamefurahi, wanataka kujifunza kuimba vile kwa ajili ya Pasaka. Agnes ananiuliza kama nilirekodi hata kidogo siku ile, niwatumie.

Sijamjibu, leo siku ya tano. Ninyi mngemjibu nini? Nasoma comments zote, hata za matusi.