Mke Wangu kwa Biti Nane

Mke wangu aliimba kwa sauti ndogo, ya mtu anayebembeleza mtoto wa jirani. Nina rekodi yake moja tu, na aliyeiharibu ni kaka yake. Sitamung'unya maneno: ni shemeji yangu.

Alikuwa amenunua mashine ya kurekodi, akajiita produsa. Alimrekodi dada yake pale Malaba, kwenye kibanda chetu cha chai kando ya foleni ya trela. Sisi wa mpakani tunaogopa honi. Kabla ya kurekodi tunashusha nguvu ya mikrofoni, honi isije ikapasua sauti. Shemeji alishusha mpaka chini kabisa. Tena akaweka ubora wa biti nane, ule wa chini, ati kadi isijae, abaki na nafasi ya nyimbo za matanga.

"Atasikika kweli?" nikamuuliza.

"Wewe kunywa chai, shemeji. Sauti tutaongeza baadaye."

Baadaye ilikuja trela isiyo na breki, ikaingia kibandani. Mimi niliamkia hospitali. Mke wangu hakuamka. Dereva alivuka mpaka, na tajiri wake akasema ni mapenzi ya Mungu.

Mwisho wa ule wimbo mke wangu aliniangalia akasema kitu. Ajali ilinifutia maneno hayo kichwani. Nilipeleka rekodi kwa dada mmoja mwenye studio mjini Busia, nikamwambia nataka hayo maneno tu.

Akaongeza sauti. Ukatoka mkwaruzo wa mchanga mtupu.

"Mzee, biti ni kama ngazi," akasema. "Zikiwa nyingi, vidato ni vyembamba, hata mnong'ono unapata pa kukanyaga. Biti nane, vidato ni vinene. Na mama alirekodiwa chini sana, kwa hivyo alipata viwili vitatu tu. Nikimwinua, makwaruzo yanapanda naye."

"Si uongeze biti sasa?"

"Nitaongeza vidato vitupu. Yeye hayuko hapo."

"Na zingekuwa ishirini na nne?"

"Hata angeshushwa hivyo, ningempata."

Akasema anaweza kufagia ule mchanga, ila mama ataondoka nao. Nikamwambia, dada, acha hivyo hivyo.

Honi ya trela imetoka safi kabisa, utadhani ndiyo iliyorekodiwa.

Siku hizi nakaa Nambale. Jioni naweka simu sikioni, natafuta pale mwisho. Kuna siku nasikia jina langu. Kuna siku nasikia "chai." Nikiongeza, anafunikwa; nikipunguza, anaenda.