Ndama Aliyenyonya Vidole vya Mama

Ni kweli: ile filamu ya ndama anayeongea niliiandika mimi. Nimelikana jambo hili mbele ya wahadhiri wenzangu, mbele ya wanafunzi, na mara moja mbele ya mchungaji, huku watoto wake wakiiga sauti ya ndama huyo sebuleni na mimi nikinywa chai yao. Nilisema mwandishi ni mwanamke mwingine tu, tumefanana majina. Mtu aliyemaliza ujana wake akiandika insha za kulalamikia vichekesho vya familia, vile vinavyochanganya watu halisi na katuni na ambavyo mwishoni kila mtu humkumbatia mwenzake, hawezi kusimama hadharani akasema: hiki nacho ni changu, na mwishoni wanakumbatiana.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Familia ya mjini inaishiwa, inarudi shambani kwa nyanya. Huko inakuta ndama mwenye kiburi, anayeongea Kiswahili cha mwambao, fasaha kama cha mtangazaji wa redio, katikati ya watu wanaoongea kama sisi. Ndama anakataa kunywa maziwa kwenye ndoo kwa sababu ndoo ni mambo ya washamba. Watu wangekuwa watu. Ndama angechorwa baadaye kwa kompyuta. Nilijiona mcheshi sana.

Tulipiga picha Timau, kwa kuwa mwelekezi wa filamu, kijana niliyewahi kumfundisha chuoni, alitaka ngano na mlima nyuma yake. Mama yangu alikuja kwa sababu hakuamini kwamba hiyo ni kazi. Alikuwa mjane, akiishi peke yake kwenye shamba letu dogo upande wa Kanja, na daktari wa Embu alikuwa amekwisha kumwambia ana presha ya macho. Alichopoteza hakingerudi; kilichobaki, dawa ya matone ingekichelewesha tu kupotea. Pembeni tayari kulikuwa giza. Katikati bado aliona vizuri.

"Nipeleke nione hiyo ngano," aliniambia. "Hili dirisha wanalifunga kidogo kidogo."

Siku ya pili, mwigizaji wa sehemu ya nyanya, mama mmoja wa Nairobi, aliamka bila sauti kwa sababu ya baridi. Mwelekezi akamtazama mama yangu, aliyekuwa amejifunga shuka mbili akiota moto na wapishi, kisha akanitazama mimi. Nilikubali kabla Mama hajaulizwa.

Shida ilianza alipoonyeshwa ndama. Ndama alikuwa mpini wa fagio wenye mpira wa kijani juu yake. Mwigizaji alitakiwa kuutazama mpira ili ajue macho ya ndama yatakuwa wapi, kisha mpini unaondolewa, na yeye anabaki akiongea na hewa.

"Mimi siwezi ongea na fagio," Mama alisema. "Na watu wote hawa wananiangalia."

"Cucu, si fagio," mwelekezi alimjibu, akimwita nyanya kama kwetu. "Ni ndama."

"Ndama ana miguu."

"Miguu tutamchorea."

"Lini?"

"Baadaye, cucu."

"Haya. Ni dume ama jike?"

Mwelekezi akanigeukia. Nilikuwa nimeishi na huyo ndama kichwani muda mrefu kuliko nilivyoishi na mume wangu, na sikuwa nimewahi kujiuliza.

"Jike," nilisema.

"Sasa huyo msichinje," Mama alisema, akakunja mikono ya sweta.

Nilikuwa nimeandika mstari mmoja tu: nyanya anambembeleza ndama anywe. Mama aliuliza maziwa yako wapi. Wakamwambia maji na unga vitatosha, kwenye kamera ni sawa. Akakaa chini mpaka maziwa yakaletwa. Kisha akachovya vidole viwili, akavinyoosha hewani, kiganja kikitazama juu, mahali ambapo mpira ulikuwa umeondolewa.

Aliyewahi kumwachisha ndama kunyonya anajua kinachofuata. Unampa vidole anyonye. Anaponyonya, unaushusha mkono polepole hadi ndani ya ndoo, naye anafuata, mpaka anajikuta anameza maziwa bila kujua nani amemfundisha. Ndipo unavitoa vidole kimoja kimoja. Mama alifanya hayo yote bila kitu mbele yake. Mkono wa kushoto ulikuwa umeikumbatia shingo ya ndama. Wa kulia ulikuwa ukitetemeka kwa kuvutwa. Kuna mahali ndama alipiga ndoo kwa kichwa, nasi tukaona maziwa yakiruka na Mama akirudi nyuma, akimtukana kwa Kiembu, kwa upendo. Hakuna aliyecheka. Fundi wa sauti aliniuliza baadaye kama ndama huwa wanauma.

Waigizaji wengine wote walikuwa wameonywa wasimguse ndama. Mwelekezi aliinuka amwonye na Mama. Mimi, na shahada zangu, nilimshika shati nikamwambia amwache.

"Nitamwona lini?" Mama aliuliza tulipokuwa tukifunga virago.

"Mwaka huu huu, cucu," mwelekezi alisema.

Mwaka huo ulipita. Mchoraji alikuwa mmoja, na kompyuta moja, kwenye chumba cha juu ya duka la mbegu mjini Meru. Nilipomtembelea alinieleza, kwa adabu, nilichopaswa kujua kabla sijaandika hata neno moja. Ndama akisimama peke yake shambani akiropoka, hiyo ni kazi nyepesi. Kazi ni mguso. Mkono wa mtu halisi ukimgusa, lazima achorwe picha kwa picha: manyoya yanayolala chini ya kiganja, kivuli cha kila kidole. Na vidole vikiwa ndani ya mdomo, kuna ulimi unaovizunguka, kuna maziwa yanayochuruzika.

"Madam," alisema, "mama yako hakumwachilia hata mara moja."

Nilicheka. Nilidhani ni sifa.

Nilimwomba aanze na sehemu hiyo kabla ya nyingine zote, kwa ajili ya macho ya mama yangu. Alisema sawa. Alisema sawa kila nilipompigia, na kila alipofungua kazi alianza na sehemu nyingine, kama ambavyo mimi huanza na karatasi fupi ninaposahihisha.

Nyumbani Mama alikuwa amewaambia kina mama wa kanisa habari za ndama, na hao hawakumpa nafasi ya kupumua. Nilikuwepo jirani mmoja alipopaza sauti juu ya ua: "Mama, na yule ng'ombe wako wa hewa, amezaa?"

"Bado anachorwa miguu!" Mama alimjibu. "Wewe wako amezaa nini na miguu yote minne?"

Walicheka wote wawili. Lakini alipoingia ndani aliniuliza tena: lini? Wakati huo alikuwa akinitafuta kwa kugeuza kichwa upande, kama kuku. Baadaye akaanza kumimina chai kando ya kikombe. Baadaye akaacha kumimina, akasema hapendi tena chai. Usiku mmoja aliniomba nimweleze ndama atakavyokuwa, na mimi, niliyewafundisha watu fasihi miaka yote hiyo, nilijaribu. Kahawia hafifu, nikasema, na baka jeupe usoni.

"Hiyo ni mbuzi," Mama alisema.

Nilijaribu tena, na nilijua kwamba hata maneno yangu yakiwa mazuri kiasi gani, hayatamfikisha popote. Usiku ule niliona jinsi kazi yangu yote ilivyo bure, na sijapata sababu ya kubadili mawazo.

Simu ilipigwa asubuhi moja tukiwa nje. Mama alikuwa akichambua maharagwe kwa vidole, kwa kuwa macho sasa yalimletea mwanga tu. Aliyepiga alikuwa mwelekezi.

"Madam, filamu imekwisha! Runinga wameichukua. Watoto wataiona likizo hii."

"Na Mama?"

Nilisikia pikipiki ikipita alikokuwa.

"Ile sehemu ilitushinda, madam. Mchoraji alichoka. Yule mwigizaji wa kwanza alipona, tukarudia sehemu zote za nyanya na yeye. Hamgusi ndama mahali popote."

"Ni nani?" Mama aliuliza. "Ni wa ndama?"

"Ni yeye."

"Muulize kama alikunywa."

Nilimuuliza.

"Anakunywa mwenyewe," mwelekezi alisema. "Anaangalia ndoo, anatoa mzaha, halafu anainama anakunywa. Inachekesha sana, madam, utaona."

Nilimwambia Mama kwamba ndama anakunywa mwenyewe.

"Mara ya kwanza? Bila mkono?"

"Bila mkono, Mama. Walikutoa."

Vidole vyake vilisimama juu ya maharagwe.

"Mwambie ni mwongo," alisema.

Sikumwambia. Nilimshukuru kwa kupiga, naye akanishukuru kwa hadithi nzuri, akakata.