Rumaisa na Maneno Mia Nane

Rumaisa Gharib, mwalimu wa kemia, alikuwa amehifadhi maneno mia nane magumu ya Kiingereza, na bado alianguka kila jaribio alilofanya kwenye simu. Zilibaki siku tisa afanye mtihani wa kuombea nafasi ya uzamili ng'ambo. Asipofikisha alama za sehemu ya maneno, nafasi ingekwenda kwa mwingine.

Alihifadhi kwa njia aliyoizoea. Utotoni, hapa Siyu kisiwani Pate, shangazi yake Bi Thuwaiba ndiye aliyemsikiliza juzuu zake. Akikosea mahali, hurudishwa mwanzo wa sura. Basi orodha hii nayo aliisoma kwa sauti, neno baada ya neno, huku akiyumbayumba.

Jumamosi asubuhi Bi Thuwaiba aliweka kando kofia ya bwana harusi aliyokuwa akiidarizi, akachukua kitabu. Kiingereza hakukijua, ila herufi alizisoma. Akaweka kidole katikati ya ukurasa.

"Hili?"

Lilikuwa *fastidious*. Rumaisa akafumba macho, akaanza kunong'ona tangu neno la kwanza la herufi F.

"Mbona warudi nyuma?"

"Sifiki nisipoanzia juu, shangazi."

Bi Thuwaiba akacheka. "Wee ni punda wa mizigo wa bandari ya Mtangawanda! Akisimamishwa katikati ya ndia, arudi jetini aanze upya. Haya, maana yake?"

"Mtu asiyeridhika upesi. Hutaka kila kitu kiwe sawasawa kabisa."

"Nani huyo?"

Hilo Rumaisa hakuwahi kujiuliza. Shangazi alikuwa amesharudi kwenye kofia. Kitundu kimoja kilipinda kwa upana wa uzi tu, naye akaifumua safu nzima, ingawa bwana harusi alikwishatuma mtu mara mbili kuulizia.

"Shangazi, ni wewe!"

"Mimi? Hiyo ni sifa au tusi?"

"Kitabu hakisemi."

"Basi kitupe. Na hili la pili, katafute mtu wake."

La pili lilikuwa *garrulous*, mwenye maneno mengi, likamwangukia Bwana Jeilani, jirani ambaye salamu ya asubuhi huimaliza adhuhuri. Kwa siku sita Rumaisa alizunguka Siyu akiwagawia watu maneno, akirudi kila jioni na maswali mapya.

Kule Nairobi, kwenye kompyuta ya mtihani, *fastidious* lilikuja peke yake, bila majirani zake wa herufi F. Rumaisa aliona vidole vikifumua uzi. Akabonyeza jibu.

Alipotoka alipiga simu. "Nimefikisha alama, shangazi!"

"Alhamdulillahi. Na mimi, nilikuja humo?"

"Ulikuja."

"Na Jeilani?"

"Hakuja."

"Usimwambie. Hatutalala."