Nilimwambia Glavu Nimezipima

Kosa ni langu, msinitafutie visingizio. Mimi ni fundi umeme, naishi Nkuhungu, na hata mke wangu hajui haya ninayoyaandika.

Tulikuwa mafundi wawili, mimi na rafiki yangu wa Kibaigwa. Miaka kumi na moja tumekula sahani moja! Tulikuwa na jozi moja ya glavu nzito za mpira za kuzuia umeme, tukazitunza kwa zamu. Asubuhi, mwenye zamu anazikunja kuanzia mdomoni mwa glavu hadi hewa ijibane kwenye vidole, kisha anaziweka sikioni. Ukisikia hewa inatoka, hiyo glavu ni ya kutupa.

Jumapili moja ya zamu yangu, mbuzi wangu walibomoa zizi nyumbani. Nikavaa zile glavu kubebea matawi ya miiba ya kuzibia. Jamani, mikono yangu niliionea huruma! Nikazipangusa, zikang'aa, nikazirudisha kwenye mkoba.

Kesho yake tulikuwa kwenye bucha moja Ipagala. Mwenyewe hakutaka umeme uzimwe, friji zake zimejaa nyama. Rafiki yangu akanyoosha mkono.

"Kaka, umezipima?"

"Nimezipima bwana, vaa tumalize."

Nilikuwa sijazipima! Ni uvivu tu, hauna jina jingine.

Umeme ukampata kupitia kitundu cha mwiba. Nikakimbilia swichi kuu, nikazima. Alipona, lakini mkono wake wa kulia haushiki kitu tena. Akarudi kwao.

Na linaloniua ni hili: ananishukuru! Anawaambia watu mimi ndiye niliyemwokoa. Mkewe hunipigia, "Shemeji, mbona umetutupa? Njoo basi hata siku moja." Nasema kazi zimebana. Uongo mwingine huo. Nitakaaje kwao, anisalimie kwa mkono wa kushoto?

Sasa nafanya kazi peke yangu, nakula peke yangu. Nina glavu mpya, nazihifadhi mbali na jua na mafuta, hazigusi kazi nyingine. Kila asubuhi nazikunja, naziweka sikioni. Kimya.

Mafundi wenzangu, glavu ya umeme si ya miiba! Na mwenzako akikuuliza kama umezipima, nawe hujazipima, sema hujazipima. Ni neno moja tu. Mimi lilinishinda, na leo ninatamani mtu aniulize tena.